Nimehamia vyakula vya mimea, tumbo limegeuka ngoma. Nivumilie au niache?

fundi_saa:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni fundi saa. Kutwa nzima niko kitini, shingo imeinama, lenzi jichoni, na chumba kiko kimya kiasi cha kusikia mishale ikitembea. Naanza na hilo kwa sababu ndipo tatizo lilipo: tumbo likinguruma, mteja aliyekaa upande wa pili wa meza anasikia. Na haliishii kunguruma, mnanielewa.

Daktari alinipima akaona lehemu (kolesteroli) imepanda na sukari iko mpakani, bado haijafika kisukari. Choo nacho kimekuwa kigumu kwa miaka mingi, vipande vikavu vidogovidogo, na siku nyingine hakuna kabisa. Akasema punguza nyama, ongeza mimea na nyuzinyuzi. Mke wangu akalipokea agizo hilo kwa mikono miwili. Asubuhi uji wenye vijiko vitatu vya pumba za ngano, mchana bakuli la maharage, usiku bakuli la adesi na kabichi mbichi, na mbegu za chia vijiko viwili kila siku. Nyama, mayai na maziwa vilitoka jikoni siku hiyohiyo.

Sasa tumbo linajaa hadi nalegeza mkanda ikifika saa tisa. Choo ni kingi kuliko zamani lakini bado kigumu. Mama mkwe anasema mwili usio na nyama utaishiwa nguvu. Je, hali hii ni ya kupita? Na hizi faida za muda mrefu zinazosemwa zina ukweli, au ni mtindo tu wa siku hizi?

kobe_mtulivu:

Pole mkuu. Maji unakunywa? Fundi aliyeinama kutwa nzima nina hakika anasahau. Pumba bila maji ni kujitafutia balaa. Halafu inuka hicho kiti, tembea kidogo baada ya kula, gesi itapata njia. Ila usitembee mbele ya mteja 😀

bi_wodi:

Fundi, nimefanya kazi ya ushauri wa lishe hospitalini hadi nikastaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuwauliza watu wazima maswali kuhusu choo chao huku wakitazama dirishani. Kwa hiyo hapa usione haya.

Nimepiga hesabu ya sahani yako. Maharage yaliyochemshwa yana nyuzinyuzi kati ya gramu 6 na 7 katika kila gramu 100, adesi karibu 8. Bakuli la gramu 200 la kila kimoja linakupa kama gramu 29. Chia vijiko viwili ni 8 hivi, pumba vijiko vitatu kama 4. Umevuka 40 na kabichi sijaigusa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Watu wengi duniani hawafikishi hata 20. Wewe ulikuwa mmoja wao hadi majuzi, kisha ukarukia 40 kwa mlo wa siku moja. Tumbo limeshtuka, na lina haki.

Kinachotokea ni hiki. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuvunja nyuzinyuzi. Zinapita utumbo mwembamba bila kuguswa na kufika utumbo mpana, na huko ndiko waliko bakteria wanaozichachusha. Maharage yana pia sukari za jamii ya rafinosi ambazo nazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, bakteria wanazifurahia. Uchachushaji huo hutoa gesi, hasa hidrojeni na kaboni dioksidi. Ndiyo anayoisikia mteja wako. Lakini uchachushaji huohuo hutoa asidi za mafuta za mnyororo mfupi: asetati, propionati na butireti. Seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana hupata karibu asilimia 70 ya nishati yake kutoka kwenye butireti. Kwa hiyo gesi na faida vinatoka katika kazi moja, na huwezi kuzima kimoja ukabaki na kingine. Unachoweza ni kuipunguza kasi ili bakteria wapate muda wa kubadilika. Jamii yao hubadilika kufuata unachokula.

Anza na pumba: ziache kwa sasa. Nyuzinyuzi za pumba za ngano karibu zote ni zile zisizoyeyuka. Zinaongeza wingi wa choo, na kwa mtu asiyekunywa maji, anayekaa kutwa, wingi huo unakwenda polepole na kukauka. Badala yake kula uji wa oti. Oti ina betaglukani, aina inayoyeyuka na kuwa kama ute, inashika maji na kulainisha choo. Pia ute huo hunasa asidi za nyongo zilizokuwa zirudi kwenye ini, zikatoka na choo. Ini likitaka kutengeneza nyingine hulazimika kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu. Gramu 3 za betaglukani kwa siku zinatosha kushusha ile lehemu mbaya, nazo unazipata kwenye kama gramu 75 za oti kavu. Ute huohuo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na hilo linahusu ule mpaka wa kisukari uliousema.

Maharage usiyaache. Yapunguze yawe vijiko vitatu au vinne, lakini kila siku, badala ya bakuli zima leo na kesho kuyakimbia. Yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Mekundu yachemke kwa nguvu dakika kumi angalau, maana yana lektini inayotapisha, na moto mdogo wa muda mrefu hauiharibu. Adesi zihamie siku nyingine. Kabichi iwe ya kupikwa. Chia kijiko kimoja, kiloane kwanza. Tumbo likitulia, ongeza kidogo, subiri wiki moja au mbili, ongeza tena. Kuhusu maji, alichosema kobe_mtulivu ni sahihi.

Kuhusu mtindo: wazo lenyewe ni la siku nyingi. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, ndiye aliyelipigia debe sana katika miaka ya 1970, akisema magonjwa mengi ya nchi tajiri yanatokana na kukobolewa kwa chakula. Alisema zaidi ya ushahidi aliokuwa nao, kwa maoni yangu. Ushahidi mzito ulikuja baadaye. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula kidogo, walikuwa na vifo, ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari aina ya pili na saratani ya utumbo mpana pungufu kwa asilimia 15 hadi 30. Faida kubwa ilionekana kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku. Kwa hiyo hakuna anayekudai 40.

Utafiti ninaoupenda mimi ni wa 2015. Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakapewa nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, wenzao wakapewa kinyume chake. Kwa Wamarekani uzalishaji wa butireti uliongezeka mara mbili na nusu na dalili za ukuta wa utumbo kuvimba na kuwashwa zikapungua. Kwa wenzao mambo yakaenda upande wa pili. Wiki mbili haziwezi kukuambia nani atapata saratani, lakini zinakuonyesha utumbo unavyoitikia haraka, kwa wema na kwa ubaya.

Mama mkwe nitamjibu baadaye, chai inapoa.

tumbo_nyeti:

Mimi naomba nitofautiane. Kila mtu anaimba nyuzinyuzi, na mimi ndizo zilizonilaza kitandani. Vitunguu, maharage, mkate wa ngano isiyokobolewa, vyote vinanikata tumbo na kuniharisha. Daktari bingwa aliniambia nina utumbo unaosumbuka kirahisi, akaniondolea hivyo vyote. Nimepata nafuu. Msimfanye fundi aamini kwamba maumivu ni hatua ya kuvumilia.

fundi_saa:

Shikamoo bi_wodi, na ahsante sana. Mke wangu amesoma jibu lako mara mbili na pumba zimekwenda kwa kuku. Swali moja: kila asubuhi nameza kidonge cha tezi ya shingo, levothairoksini, halafu hapohapo nakunywa uji. Kuna shida? Na tumbo_nyeti amenitia wasiwasi kidogo. Yangu ni kujaa tu, sina maumivu makali.

bi_wodi:

Marahaba. Umefanya vizuri kutaja kidonge, watu wengi hukisahau. Ndiyo, kuna shida. Nyuzinyuzi zinaweza kupunguza kiasi cha dawa hiyo kinachofyonzwa. Imeze kwa maji matupu ukiwa na njaa, uji usubiri nusu saa hadi saa nzima. Na kwa kuwa umebadili chakula kwa kiasi kikubwa, mwambie daktari wako apime tena homoni ya tezi. Huenda dozi ikahitaji kurekebishwa. Usiirekebishe mwenyewe.

tumbo_nyeti, sikupingi hata kidogo. Kwa utumbo wa aina yako kuna mpango uliotokana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia: unaondoa kwa muda vyakula vyenye sukari zinazochachuka haraka, vitunguu, ngano na maharage vikiwemo, halafu unarudisha kimoja kimoja kuona kipi hasa kinakusumbua. Neno ni kurudisha. Nimekutana na wengi walioishia hatua ya kwanza wakabaki na wali mweupe na kuku miaka nenda rudi, na bakteria wao hawakupata chochote. Hukuniambia kama ulirudishiwa. Kama bado, muulize mtaalamu wako. Oti na siliamu (maganda ya mbegu yanayogeuka ute kwenye maji) mara nyingi huvumilika hata kwa watu wenye tatizo hilo, mradi siliamu inywewe na maji mengi, maana bila maji ya kutosha inaweza kuvimba kooni na kukwama.

Sasa mama mkwe. Kwa nguvu, hana hoja: ukishiba maharage, adesi, nafaka na karanga, protini unaipata. Lakini ana hoja ambayo huenda hakuikusudia. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Ini lina akiba ya miaka, ndiyo maana mtu hujisikia vizuri muda mrefu, kisha zinakuja ganzi za vidole na upungufu wa damu. Kwa fundi saa, ganzi ya vidole ni ajira. Ukiendelea kukataa vyote vya mnyama, meza B12 au tafuta chakula kilichoongezewa. Na ukija kuandikiwa metfomini kwa ajili ya sukari, nayo hupunguza B12, kwa hiyo kipimo kitakuwa cha lazima. Chai usinywe pamoja na mlo, inazuia madini ya chuma ya mimea. Chungwa au nyanya husaidia yafyonzwe.

Lakini ngoja nikuulize: daktari alisema punguza, au alisema acha? Ulivyoandika mwanzo, alisema punguza. Utafiti mkubwa wa Uingereza unaoitwa EPIC-Oxford uliwakuta wasiokula nyama na ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 22, ila kiharusi kilizidi kwa asilimia 20, na mwaka 2020 ukaonyesha kwamba wasiokula chochote cha mnyama huvunjika mifupa zaidi. Chanzo kimojawapo kinachoshukiwa ni kalisi na protini kuwa kidogo. Yai au mtindi hautaharibu kazi ya maharage yako. Nyama za kusindika ndizo ningekuomba uziache kabisa. Tangu 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Na kumbuka vibanzi vya kukaanga, mkate mweupe na soda navyo vinatoka kwenye mimea. Nimewaona watu wasiogusa nyama ambao choo chao kilikuwa kigumu kuliko chako.

kobe_mtulivu:

Hapo kwenye vibanzi umenigusa mimi, bibi. Naondoka kimya kimya.

fundi_saa:

Alisema punguza. Kuacha kabisa lilikuwa wazo la nyumbani 😅. Mayai yanarudi kesho. La mwisho: nijue vipi kwamba hili si jambo la chakula tu bali ni ugonjwa?

bi_wodi:

Damu kwenye choo, au choo cheusi wakati humezi vidonge vya chuma. Kupungua uzito bila kujaribu. Upungufu wa damu usio na maelezo. Maumivu yanayokuamsha usiku. Choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila wewe kubadili chakula, hasa ukiwa umepita miaka 45. Tumbo kujaa huku unatapika na hewa haitoki kabisa, hilo ni la kwenda hospitali saa hiyohiyo. Na damu usiseme ni bawasiri mpaka mtu aliyesomea amekuangalia.

Ukiwa huna hata moja kati ya hayo, endelea na uji. Umri wako haukutajwa. Kama umefika wa kupimwa utumbo mpana, muulize daktari siku utakayokwenda kwa ajili ya tezi, umalize yote kwa safari moja.