Wauza samaki wa mapambo mnatupiga: mnatuuzia dawa za magonjwa ambayo hayapo wakati maji hamjayapima!

Wakuu salamu. Leo nina hasira kwa hiyo mnivumilie, na wale wa "samaki tu huyo mkuu si ukaange" naomba mpite tu.

Hivi hawa wauza samaki wa mapambo hapa Dar nani kawaambia kila samaki akianza kuhema juu juu anaumwa fangasi? Nimenunua tanki la lita 100 kwenye duka moja hivi (jina naliweka kapuni kwa sasa), na filta, na mawe ya rangi, na goldfish sita, vyote siku moja, jamaa ananiambia bosi ongeza hata wafike kumi wanakaa hao, jaza maji ya bomba yalale usiku mmoja kesho weka samaki. Basi, hayo ndo mafunzo yote niliyopewa. Wiki haijaisha samaki wote wako juu wanagombania hewa, matamvua mekundu, mmoja kajilaza kwenye mawe kakunja mapezi. Narudi dukani, hata swali moja kuhusu maji hajauliza, anachomoa chupa ya dawa ya bluu. Tumia hii. Wamekufa wawili. Narudi tena, safari hii imekuwa "bakteria", dawa nyingine ya njano, hela nyingine, na juu yake ananiagiza nimwage maji yote na sponji ya filta niioshe kwa maji ya bomba mpaka itakate!

Jamani. Samaki anatoa amonia (sumu hiyo) muda wote, nyingi inatokea kwenye matamvua yenyewe, bado kinyesi na chakula kinachooza chini, na goldfish ndo balaa maana anakula sana na anachafua sana. Kinachomwokoa ni bakteria wanaoota kwenye sponji na mawe, kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti (nayo sumu), kundi lingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo samaki anaivumilia mpaka ubadilishe maji. Hao bakteria kwenye tanki jipya hawapo! Wanachukua kama wiki nne mpaka sita kujijenga. Sasa we muuzaji unaniuzia samaki sita na tanki siku moja, halafu unaniuzia dawa ya bluu ambayo inaua bakteria haohao ninaowahitaji, halafu unaniambia nioshe sponji kwa maji yenye klorini ambayo kazi yake ni kuua bakteria. Umeniua mara tatu na zote nimekulipa.

Lakini kilichonichefua kuliko vyote ni "kipimo". Baada ya kulalamika sana akaniambia haya lete maji tupime. Nikabeba kwenye chupa. Akatoa kile kijikaratasi chenye viboksi vya rangi, kopo lake halina mfuniko liko tu hapo kaunta na joto hili na unyevu huu wa Dar, akachovya, akaangalia kwa jicho moja huku anaongea na simu, akasema pH (kipimo cha uasidi na ubesi wa maji) ni 8, naitraiti hamna, naitreti hamna, bosi maji yako masafi kuliko ya kunywa. Nikaondoka nimefurahi kabisa.

Kumbe vile vikaratasi vingi HAVIPIMI AMONIA. Someni kopo, orodha ya viboksi iko pale pale, kipimo cha amonia kinauzwa peke yake. Na hiyo "naitreti hamna" kwenye tanki lenye samaki wanaokula kila siku na maji hayajabadilishwa sio habari njema hata kidogo, ina maana hakuna bakteria anayefanya kazi, amonia yote imekaa pale pale. Mtu anayeuza samaki miaka yote hiyo alitakiwa ashtuke, yeye ananipongeza.

Nikamwagiza shemeji anayetoka Dubai aniletee kile kipimo cha chupa za matone. Unaweka maji mililita 5 kwenye tyubu, matone ya chupa ya kwanza, matone ya chupa ya pili, unatikisa, unasubiri dakika tano. Kama maji yako sawa inabaki njano. Yangu ikaanza njano, ikaenda kijani, ikazidi kijani, jezi nzima ya Yanga ndani ya tyubu moja. Kwenye kadi ya rangi ni 4 ppm (kama miligramu 4 kwa lita). Inatakiwa SIFURI.

Na hapo ndo ile pH 8 inapokuwa na maana. Amonia iko ya aina mbili kwenye maji, moja kali na nyingine afadhali, na pH ndo inaamua. Kwenye nyuzi 25 hivi, pH ikiwa 7 ile kali haifiki hata asilimia 1 ya yote, pH 8 inafika kama asilimia 5, pH 9 inapita theluthi. Joto likipanda nayo inapanda. Kwa hiyo mtu akikwambia "amonia kidogo haina shida" muulize pH ngapi. Samaki wetu wa Ziwa Tanganyika ambao maji yao yanakaribia pH 9 wanafugwa Ujerumani huko na watu wanaopima kila tone, sisi tuliolala na ziwa tunauziwa dawa ya bluu.

Waliobaki wanne wamepona bila dawa hata moja. Nusu ya maji kila siku, maji yaliyotolewa klorini kwanza, chakula nimekata kabisa siku za mwanzo, pampu ya hewa usiku kucha. Sponji naisuuza kwenye ndoo ya maji ya tanki lenyewe.

Na kinachouma, muuzaji ana matanki ukuta mzima yenye sponji za siku nyingi zimejaa bakteria. Angenikatia kipande kimoja cha hiyo sponji chafu nikaweka kwenye filta yangu, bure, tusingefika huku. Ila sponji chafu haina bei, dawa ina bei.

NYONGEZA: Mnaosema "mbona maji yangu meupe kabisa", amonia haina rangi, pima. Wa maji ya kisima, klorini kweli hamna lakini yanaweza kuwa magumu na pH juu, pima. Umeme ukikatika masaa mengi na filta yako ni ile ya kopo lililofungwa, bakteria wanakosa hewa wanakufa humo ndani, ukirudi pima tena. Na mkinunua hizo chupa angalieni tarehe, kuna duka nimeonyeshwa kipimo kilichoisha muda mwaka juzi, eti "kinafanya kazi tu bosi".

NYONGEZA 2: Kuna mtu kaja PM anasema nachafua biashara za watu. Kaka, kama ndo wewe, risiti za dawa zote mbili ninazo. Nirudishie hela.