Mrejesho: kichomeo cha dizeli cha tanuri la korosho, Mikindani

Wakuu, habari zenu. Niliuliza humu kwa nini kichomeo cha dizeli cha tanuri letu la kukaushia korosho hapa Mikindani kinawaka kwa mshindo, na mara nyingine hakiwaki kabisa. Nawashukuru sana wote mliojibu.

Uliofanya kazi ni ushauri wa yule ndugu aliyetolea mfano injini za roketi: cheche itangulie, mafuta yafuate. Mafuta yakitangulia hujikusanya kwenye chumba cha kuchomea, kisha yote hulipuka kwa pamoja. Ndiyo maana roketi ya Soyuz ya Urusi huwashwa kwa fataki zilizoshikiliwa na vijiti vya mbao ndani ya nozeli (mdomo wa kutolea moto). Moto uwepo kwanza, ndipo vali kuu za mafuta zifunguke. Fundi amepanga upya: feni inapuliza kutoa mvuke wa mafuta uliobaki, cheche inafuata, dizeli mwisho. Mshindo umeisha kabisa, na vijana wa tanuri wanafanya kazi bila hofu. Hilo limenifurahisha kuliko yote.

Kurekebisha nafasi ya ncha za cheche kuwa milimita 3 kumesaidia nusu tu. Asubuhi zenye unyevu bado kinagoma, kwa sababu chumvi ya bahari hushika kwenye kauri inayozuia umeme wa ncha hizo usivuje, na umeme unavujia hapo. Kwa sasa tunaifuta kwa kitambaa kikavu kila jioni baada ya kuzima umeme. Kauri mpya nimeagiza Dar.