Tikiti za Sabaki: nauza kila msimu ila faida siioni

Muulizaji: Jamani hamjambo, nalima tikiti ekari 2 kando ya mto Sabaki huku Malindi, petroli ya pampu yanimaliza, nauza vizuri tu ila mfukoni sioni kitu. Nitajuaje ni mimi navuja ama ni bei ya soko?

Jibu: Ndugu yangu usilinganishe jumla na jirani, mashamba hayalingani. Gawa kila gharama kwa kilo ulizouza, mbegu kivyake, mbolea kivyake, petroli kivyake, vibarua, na jasho lako pia litie hesabuni maana hapo ndo wengi twajidanganya. Kisha kaeni watu wanne watano wa msimu mmoja na madaftari yenu, penye pengo kubwa ndo pa kuuliza.

Jibu: Naongezea, Toyota kule Japani upotevu wauita "muda", si muda wetu huu wa saa lol, na wana aina 7, kungojea ikiwemo. Sisi tulikuwa twavuna kabla ya kuongea na mwenye lori, tikiti zashinda juani siku mbili! Sikuhizi mpaka lori liwe njiani.

Muulizaji: Kumbe! Daftari lenyewe sina, naanza na risiti za petroli leo.