Tupeane uzoefu: kuhamisha mafaili nyumbani kwa mwendo wa konokono, mwenzangu ulikuta tatizo nini?

Kamera Begani
Wakuu, habari za jioni. Napiga video za harusi na kazi zangu nazihariria nyumbani, Mbagala. Jumamosi nimerudi na gigabaiti 180 kwenye laptopu, nikaanza kuzivusha kwenda kompyuta ya mezani. Zote mbili ziko kwenye rauta moja, kwa waya. Kasi ikaganda kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi wala haishuki. Zaidi ya saa nne na nusu! Na bwana harusi anapiga simu kila asubuhi. Aliyewahi kupambana na hili atuambie alikuta nini.

Waya Nane
Hiyo 11 isiyocheza naijua, mkuu. Ni ukuta wa megabiti 100. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gawanya kwa nane upate megabaiti 12.5, toa zinazoliwa njiani, unabaki na 11 na ushee. Kati ya mashine zako mbili kuna kitu kinakwenda kwa megabiti 100 badala ya 1,000.

Kwangu ilikuwa kebo. Ilipita chini ya mlango wa chumba cha watoto, mlango ukaisaga mwaka mzima. Nilipoichuna nikakuta uzi wa kahawia umekatika kabisa, umeshikiliwa na ganda la plastiki tu. Megabiti 100 inatumia nyuzi nne kati ya nane, ndiyo maana mtandao uliendelea kufanya kazi na mimi sikushtuka. Nikakata, nikapanga upya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nikabana kichwa kipya. Ikaruka hadi megabaiti 110.

Shemeji wa Tanga
Nakazia. Na kwangu waya vilevile.

Mpenda Kasi
Mnamzungusha bure. Aongeze kifurushi cha intaneti. Mimi niliongeza mwezi wa tatu, mafaili yanapaa.

Waya Nane
Ndugu, faili linalotoka sebuleni kwenda chumbani halipiti intaneti. Chomoa waya unaoleta intaneti kwenye rauta, faili litaendelea kwenda vilevile.

Mpenda Kasi
Nimekwambia kilichotokea nyumbani kwangu, si nadharia.

Waya Nane
Sawa. Ulipoongeza kifurushi walikubadilishia rauta?

Mpenda Kasi
Ndiyo, walileta mpya.

Waya Nane
Basi hiyo ndiyo dawa iliyokuponya. Ya zamani bila shaka ilikuwa na matundu ya megabiti 100.

Mama Pacha
Nimesoma nimekaa kimya tangu magharibi, lakini moyo haunipi. Niko Likoni. Marehemu baba alikuwa na kaseti 31 alizojirekodi akisoma kasida na akitusomesha watoto. Ndugu yangu alizigeuza zikawa mafaili, akaziweka kwenye kompyuta ya zamani ya nyumbani. Mwaka jana nikaanza kuzivuta kuja kwenye laptopu yangu. Zilianza kwa megabaiti 2 kwa sekunde, mara sifuri, mara 2 tena. Nikasema ni rauta. Nikanunua rauta. Nikasema ni kebo, nikanunua kebo. Usiku wa nne mfululizo najaribu, na ile kompyuta inatoa mlio: tik, tik, halafu kimya kirefu, halafu tik. Nikadhani ni feni.

Asubuhi ya tano diski haikuonekana tena.

Fundi akaniambia mtandao wangu ulikuwa mzima siku zote. Diski ndiyo iliyokuwa inakata roho, na kila nilipoilazimisha kusoma nilikuwa naizidishia. Zilizovuka salama ni 14. Miongoni mwa zilizobaki huko imo ile ya baba akinifundisha Alhamdu nikiwa na miaka mitano, jogoo anawika nyuma yake, na yeye ananiambia, "Usimsikilize huyo, nisikilize mimi."

Mtu mafaili yakimwendea polepole, kabla hajagusa rauta atege sikio kwenye diski.

Shemeji wa Tanga
Pole sana dada. Nimeshindwa kuendelea na chakula.

Jirani Mwema
Pole mama. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni uiweke kwenye friza usiku mmoja. Rafiki yangu ilimwamkia.

Fundi Mstaafu
Hapana, hapana! Ikitoka kwenye baridi inashika unyevu ndani, na hapo hata mtaalamu hataokoa kitu. Mama, usiiwashe tena kabisa. Anayejua kazi yake hanakili faili mojamoja. Anachukua nakala ya diski nzima kwa programu kama ddrescue, inayovuna kwanza sehemu nzima na kurudia zilizoharibika baadaye.

Na wewe uliyeanzisha mada, pima vitu kwa kuvitenganisha. Endesha programu ya iperf3 kwenye mashine zote mbili, inapima njia bila kugusa diski. Ikikupa megabiti 900 na zaidi, njia haina kosa.

Picha Elfu
Mimi nilikuwa na picha ndogondogo 20,000, kila moja inabisha hodi peke yake. Nikazifunga kwenye faili moja la zipu, zikaenda chapuchapu.

Jirani Mwema
Mimi nabeba kwenye diski ya nje natembea nayo. Miguu haina megabiti.

Kamera Begani
Nimerudi, wakuu. Kebo nzima, rauta ina gigabiti, yaani megabiti 1,000. Mchawi ni adapta! Laptopu yangu haina tundu la waya, natumia kile kijiadapta cha USB cha bei rahisi, na mgongoni kimeandikwa 10/100, yaani mwisho wake megabiti 100, kwa herufi za kusomea tochi. Nimeazima cha gigabiti kwa jirani. Zilizobaki zimevuka kwa megabaiti 108.

Lakini habari ya Mama Pacha haikuniacha nilale. Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, diski ya harusi zote za miaka mitatu ina alama ya njano, ya tahadhari. Haikuwahi kunipigia mlio wowote. Sasa hivi nanakili kila kitu kwenye mpya.

Mama Pacha
Alhamdulillahi, mwanangu. Usilale mpaka ziishe.

Ile ya baba iko kabatini, nimeifunga kwenye kanga. Haijawashwa tangu siku ile. Kuna anayemjua fundi wa diski Mombasa, mwaminifu, asiyekimbilia kuifungua?