Nimenunua Pijo 504 kwa tamaa: nitengeneze, nibadili injini au niuze?

MwanaNgamiani
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Naomba ushauri, na kwa matusi madogo madogo nimeshajiandaa.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Pangani msibani. Tumekaa kwenye jamvi, nikatupa jicho nyuma ya nyumba ya jirani: chini ya mwembe kuna Peugeot 504 steshenwageni, ile ya safu tatu za viti, rangi ya maziwa. Marehemu mjomba wangu alikuwa na kama ile, akipakia abiria wa Korogwe, na sisi watoto tukibanwa safu ya mwisho pamoja na matenga ya kuku. Nikauliza bei kwa utani tu. Kijana akasema milioni nne. Nikasema tatu na nusu. Akasema "haya" kabla sijafunga mdomo. Pale pale ningeshtuka. Sikushtuka. Jioni ile nikalipa, na sehemu ya pesa ilikuwa ya mabati ya nyumba. Mama watoto hadi leo anajua nusu ya bei.

Kurudi mjini ikachemsha mara mbili. Mara ya pili ilikuwa Tongoni, karibu na magofu. Wageni wawili wakasimama kupiga picha, sijui gofu lipi.

Sasa iko uani. Nikikanyaga zulia upande wa dereva, linazama. Nikalifunua. Chini nikakuta bati la debe la mafuta ya kula, limepigwa ribiti na kupakwa lami, ua la alizeti bado linaonekana.

Njia ninazoziona ni hizi. Kuitengeneza kama ilivyo: fundi wa kwanza kasema milioni mbili na laki nane "kwa kuanzia", na hilo "kwa kuanzia" ndilo linaloninyima usingizi. Kuweka injini ya dizeli ya Hilux, maana naambiwa spea zake ni kama maandazi. Au kuuza, ila mpaka sasa aliyekuja ni mtu wa chuma chakavu tu, na kwa kilo zake haifiki laki saba. Mngekuwa ninyi?

Mtu wa Kange
Tanga, waja leo waondoka leo. Na hilo liondoke leo leo.

FundiDuga
Mkuu, pole. Nimezishika hizo Pijo miaka mingi, nikueleze kitu kimoja kimoja.

Kuchemsha kusikutishe kwanza. Feni ya 504 haizunguki tu kama za magari mengine, ina sumaku ya umeme. Injini ikipata moto, sumaku inashika na feni inakaza. Ile kaboni inayopeleka umeme ikiisha, feni inazunguka kivivu na gari linachemsha hata rejeta iwe mpya. Wengi huifunga moja kwa moja izunguke muda wote, basi. Hiyo si kazi ya milioni. Ila kama ilichemka ikaendeshwa hivyo hivyo, silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, ni ya alumini, inapinda. Chomoa kijiti cha kupimia oili utazame: ukiona kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Na tafadhali usiweke maji ya kisima cha chumvi, yanaila hiyo hedi kama mchwa.

Injini yenyewe ni rafiki. Slivu zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kuchomoa, unaweka seti mpya na pistoni zake bila kupeleka bloku kuchongwa.

Kuhusu injini ya Hilux, hapo anayekwambia ni rahisi hajawahi kulala chini ya 504. Propela shafti yake, ile fimbo inayopeleka nguvu nyuma, imo ndani ya bomba, na bomba hilo limefungwa kwenye giaboksi upande mmoja na difu ya ekseli ya nyuma upande wa pili. Ukileta injini na giaboksi ya Toyota, lile bomba halina pa kushika, itabidi na ekseli ya nyuma uihamishe. Ukibakiza giaboksi ya Pijo, lazima uchongeshe bamba la kuunganisha, na klachi nayo iwe ya kuungaunga. Nimewaona wawili waliofanya hivyo. Magari yote mawili yako juu ya mawe.

Kinachonitia hofu ni hilo debe lako. Injini inapona. Bodi ya pwani haiponi, inatulizwa. Chukua bisibisi, gonga chini ya milango na pale springi za nyuma zinapokaa. Ikizama, acha kuhesabu injini.

MwanaNgamiani
Nimetoka kugonga. Chini ya mlango wa abiria bisibisi imezama mpaka kwenye mpini. Kwenye springi iligoma. Oili ni nyeusi, si chai.

Mzee wa Raskazone
Vijana, heshima kidogo kwa Pijo. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 akarudia 1967, kwa Pijo 404. Hiyo 504 ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Zilikuwa barabara za tope na mawe, si lami hii mnayoilalamikia.

Lakini mwanangu, gari la kushinda na gari la chini ya mwembe ni vitu viwili.

MwanaNgamiani
Shikamoo mzee. Hilo la mwembe limeingia.

Mkonge Mweupe
Ungenunua Land Rover 109 za mashamba ya mkonge. Bodi alumini, haijui kutu. Umekosea gari tu, hukukosea wazo.

FundiDuga
Bodi alumini, chesisi chuma. Na alumini ikigusana na chuma kwenye hewa ya chumvi, zinatafunana pale zinapokutana. Nimeshachomelea chesisi nyingi za 109 kuliko sakafu za Pijo. Tusimdanganye mtu aliyekwisha umia.

Bi Hesabu
Kaka, kwa tatu na nusu ungekuwa umekaribia bodaboda mpya, ingekuwa inakuletea kitu kila jioni. Nasema tu.

Dada wa Chumbageni
Mnajadili injini na kutu, mimi nauliza swali la mezani. Kadi ina jina la nani?

MwanaNgamiani
Ya baba yake yule kijana. Namba bado za zamani, za TZ. Kijana kanipa kadi na karatasi ya kuandikiana, shahidi ni mjumbe.

Dada wa Chumbageni
Na huyo baba yuko wapi?

MwanaNgamiani
Marehemu.

Dada wa Chumbageni
Basi kaka, hujanunua gari, umemkopesha kijana milioni tatu na nusu. Gari la marehemu ni mirathi. Mwenye mamlaka ya kuliuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto aliyekutwa nyumbani siku hiyo. Bila barua ya usimamizi, TRA hawatabadili jina, na dada yake yeyote anaweza kuja kesho kudai. Njia zako tatu zote hazijaanza. Ukitengeneza unatengeneza cha watu. Ukiuza unauza cha watu. Na ukiipeleka kwenye chuma chakavu ndiyo mbaya kabisa, maana hapo hakuna cha kurudisha. Nenda Pangani, na usiende na hasira.

Mtu wa Kange
Hapo nimenyamaza.

MwanaNgamiani
Wakuu, mrejesho. Nimekwenda jana. Wako watoto wanne. Msimamizi ni dada mkubwa, barua ya mahakama anayo kwenye begi la nguo, imekunjwa ndani ya nailoni. Hakujua kama gari limeuzwa. Alidhani limepelekwa kwa fundi.

Hakunifokea. Aliniletea chai na mkate wa kumimina, akaniuliza kama bado linanukia mafuta ya taa ndani. Nikamwambia linanukia. Amesema yuko tayari kuandikiana upya mbele ya wakili, wadogo zake wakisaini na kila mmoja akipata fungu lake. Tatizo, kijana pesa ameshaitia kwenye mashine ya boti. Amepewa mwezi mmoja. Asipoileta, gari linarudi chini ya mwembe na mimi nadai changu taratibu.

Cha ajabu, njiani nilikuwa naomba kijana ailete. Bi Hesabu, usiseme kitu.

Dada wa Chumbageni
Mpaka hapo usiguse hata nati.

FundiDuga
Nati mbona juzi ulinipigia nije nitazame feni, na rejeta iko kwangu tangu Alhamisi?

MwanaNgamiani
Irudishe kimya kimya. Pitia mlango wa nyuma, mama watoto anafua uani.