Boti ya ski inamisi ikishapata joto halafu inazima katikati ya ziwa, nisaidieni

KepteniWaZamu:
Wakuu habarini. Mimi naendesha boti ya bosi huku Munyonyo, Kampala, Ziwa Victoria, Ski Nautique ya 1983, injini iko katikati ndani ya boksi, Ford 351 V8 ile ya PCM (kampuni ya injini za boti), kabureta, distributa ya pointi (vile vigusio vinavyokatakata umeme wa koili). Shida yenyewe ni kwamba asubuhi inawaka mara moja, inaunguruma vizuri mpaka unasema leo mambo sawa, tunavuta mtu raundi mbili tatu, dakika kama ishirini hivi, halafu inaanza kumisi, inapiga pa! pa! kwenye kabureta, nguvu inaisha, yule wa nyuma anazama taratibu kama gunia la mkaa, mwisho inazima kimya. Ukipiga starta inazunguka tu. Kaa nusu saa ipoe, inawaka kama haijawahi kuugua. Jumapili tumevutwa na mtumbwi wa wavuvi wa mukene (dagaa) mpaka gatini, bosi na wageni wake kimya njia nzima, banange ile aibu nisiwaambie.

Nimeshabadilisha plagi zote 8, waya zake, kifuniko cha distributa, rota, filta ya mafuta. Koili pia ni mpya, fundi wa magari alifunga mwezi jana. Nisaidieni kabla sijaambiwa nitafute kazi nyingine.

Jinja_Chini:
Pole ssebo. Mimi naanza na mafuta. Kile kipumulio cha tanki kikiziba, mavu wanapenda sana kujenga humo, pampu inavuta mpaka tanki linakuwa halina hewa na injini inakosa petroli. Siku ikizima fungua mfuniko wa tanki, ukisikia fyuuu umepata mchawi wako. Na filta uliyotoa, uliimwaga kwenye chupa ukaangalia kama kuna maji chini?

Mama_Nalubaale:
Na geji ya joto inasemaje? Hapo Munyonyo gugu maji likishika mlango wa kuvutia maji injini inachemka upesi. Kagua na impela ya raba ya pampu ya maji, sisi ilimeguka mabawa matatu tukawa tunalaumu kabureta wiki nzima.

Spana14:
Kepteni acha kununua vitu, kwanza ujue kinachokosekana ni moto au ni mafuta. Ikizima tena usingoje ipoe, hapo ndipo ugonjwa uko wazi. Fungua boksi, washa feni ya bilji (sakafu ya chini ya boti) dakika 4 mvuke wa petroli utoke, usiruke hiyo hatua kwa sababu boti si gari, mvuke wa petroli ni mzito unakaa chini hautoki wenyewe. Halafu toa kizuia moto juu ya kabureta, mulika ndani na tochi, sukuma lever ya mafuta mara moja injini ikiwa imezima. Ukiona petroli inaruka, mafuta yapo. Baada ya hapo funga testa ya cheche kwenye waya wa plagi moja na mwenzako apige starta. Testa iwe ile iliyozibwa, usije ukachezea cheche wazi mle ndani. Na ushike koili kwa mkono utuambie.

KepteniWaZamu:
Nimerudi. Mama, geji iko kawaida, chujio safi. Jinja, hakuna fyuuu, filta haina maji. Leo imezima karibu na Ggaba, petroli inaruka vizuri, testa GIZA kabisa. Koili haishikiki, nimeigusa nikarudisha mkono kama nimeshika sufuria.

BodaMarine:
Si ununue distributa ya elektroniki ya gari pale Kisekka, soko la spea, umalize maneno, Ford ni Ford.

Spana14:
@BodaMarine usimuue mwenzio. Distributa, starta na alteneta za boti zimezibwa ili cheche ya ndani isiwashe mvuke wa nje, za gari hazina hiyo. Tena baadhi ya hizo 351 za boti zinazunguka kinyume, mpangilio wa moto unakuwa 1-8-4-5-6-2-7-3 badala ya 1-3-7-2-6-5-4-8, na gia ya chini ya distributa nayo inabadilika.

Kepteni, koili ya zamani kama hiyo mara nyingi inapitishiwa rezista ya kupunguza umeme. Funga pointi zigusane, washa swichi bila kuwasha injini, pima volti kwenye chanya ya koili. Rezista ikiwepo utapata kama 6 mpaka 8. Pointi zikiwa wazi utasoma 12 hata rezista ikiwa nzima, hapo wengi wanadanganyika. Usiache swichi muda mrefu, utaiunguza.

KepteniWaZamu:
12.3. Nimerudia mara tatu, 12.3. Nikafuata waya nyuma ya injini nikakuta kile kigae cheupe, yaani rezista yenyewe, kinaning'inia, waya zake mbili zimechomolewa zikaunganishwa pamoja na kuviringishwa soletepu nyeusi. Nikafuta grisi kwenye koili, chini kuna maandishi madogo kabisa, itumike na rezista ya nje. Fundi aliniambia "nimekuongezea moto". Kweli aliongeza. Pointi nazo zimeungua, upande mmoja una shimo na mwingine umeota kichuguu.

Jinja_Chini:
😂😂 amekuongezea moto

Spana14:
Ndiyo hiyo. Rudisha rezista, weka pointi na kondensa mpya, nafasi kama 0.4 mm, halafu taiming upime na taa, usikisie kwa sikio. Ile koili usiiamini tena, ikishapikwa hivyo itakuangusha siku nyingine.

KepteniWaZamu:
Jumamosi tumekimbia saa moja na nusu bila kumisi, koili ina joto la chai ya kunyweka. Rezista imepatikana Kisekka, koili tumeagizia. Ila mwisho wa mbio bado haifiki RPM za kitabu, na plagi zina masizi meusi.

Mama_Nalubaale:
Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa nyepesi, na kabureta ilisetiwa huko Marekani pengine usawa wa bahari. Inakunywa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Punguza jeti (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) saizi moja kisha uangalie plagi tena, na propela usiiguse kwanza.

KepteniWaZamu:
Sawa nyabo, jeti nafungua kesho bosi akiwa kazini.