Binti yangu kamuweka baba yake mdogo kwenye hadithi, mbele ya ukumbi mzima. Nimwambie aitoe?

Kalafati_Mstaafu

Wakuu habari za humu. Mimi ni mzee, fundi wa majahazi hapa Bagamoyo. Nyundo nimewaachia vijana, ila bado huitwa niangalie kama mkuku umenyooka. Mambo ya nyumbani sijazoea kuyaanika, lakini hili nikimuuliza mtu wa hapa mjini, kesho litafika soko la samaki kabla ya samaki wenyewe.

Nina binti, mtu mzima, anajitegemea. Alisoma sanaa za maonyesho hapa hapa TaSUBa, ambayo sisi wazee bado tunaiita Chuo cha Sanaa. Wenzake wengi walikimbilia tamthilia za runinga Dar. Yeye kashika hadithi. Anasimama peke yake na kiti kimoja, ngoma ndogo na kanga, basi. Hasomi popote. Nilikuwa najiuliza nani atalipa kiingilio akasikilize alichosimuliwa na bibi yake bure. Wanalipa, tena wanakaa mpaka mwisho.

Juzi alisimulia na mimi nilikuwepo, safu ya pili. Akaita "Paukwa!" nami nikaitika "Pakawa!" peke yangu, ukumbi mzima kimya. Watu wakageuka kuniangalia. Mke wangu akanifinya. Alipoita tena, wakaitika wote, wanachuo, akina mama wa Dunda na Magomeni, mpaka wageni wasiojua wanaitikia nini.

Hadithi yenyewe ni ya Kasa, mzee wa pwani aliyejenga jahazi akawaachia wanawe, na Fisi ndiye aliyebaki na funguo za sanduku la hati. Kuna mahali anaonyesha Kasa akipiga kalafati, anaipachika pamba katikati ya mbao, tak, tak, na kila pigo analitaja jina la mtoto mmoja. Wakuu, mkono ule ni wangu. Namna ya kukunja kiwiko, namna ya kung'ata mdomo wa chini kabla ya kupiga. Sikumfundisha hata siku moja. Utotoni alikuwa anashinda chini ya jahazi kivulini akichezea vipande vya mbao, mimi najua anacheza, kumbe ananitazama. Nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi.

Sasa tatizo. Fisi wake anazungusha funguo kidoleni, na kila akitaka kudanganya huanza na "Haki ya Mungu, nisikilizeni." Mji huu wote unamjua mtu anayezungusha funguo hivyo. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, na siku hiyo alikuwa ukumbini na mkewe, mimi ndiye niliyewaalika. Ni kweli jahazi la marehemu baba liliuzwa, na ni kweli aliyeuza ni yeye. Miaka mingi imepita, yalizungumzwa yakaisha, wazazi tumewazika pamoja. Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Yeye aliondoka kabla ya mwisho, na salamu zangu sasa haitikii. Dada yetu anadai kikao cha ukoo.

Hadithi hiyo hiyo imechaguliwa kwa tamasha la sanaa la hapa Bagamoyo la mwaka huu. Mimi tamasha lile nalijua tangu linaanza 1982, nilikuwa naingia kijana kuangalia sindimba. Nalijua kabla ukumbi haujaungua 2002 na baada ya kujengwa upya. Kuona jina la mtoto wangu kwenye ratiba ni jambo ambalo nashindwa kulinyamazia, hata kinyozi wangu kachoka kulisikia. Je, nimwambie aitoe hadithi hii? Na je, kule kuitikia kwangu kwa sauti kunamharibia kazi? Mke wangu anasema namuaibisha. Matusi sihitaji, ushauri nahitaji.

Mwana_Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Mimi niko Tanga, nimekusoma mpaka mwisho. Fisi yupo kila ukoo, hakuna mtu angegombana naye. Ugomvi umeletwa na funguo. Binti abadilishe hizo funguo, Fisi awe anajikuna sikio, mambo yaishe. Hongera sana kwa mtoto.

Mwalimu_wa_Zamu

Nafundisha Kiswahili sekondari, fasihi simulizi ndiyo mada yangu. Kwenye fasihi simulizi fanani, yaani msimulizi, hasimulii kitu kile kile mara mbili. Anaiangalia hadhira iliyoko mbele yake, anapunguza hapa, anaongeza pale. Kwa hiyo mzee usijione kama unakwenda kumfunga mtoto mdomo. Kitabu kikishachapwa kimechapwa, lakini hii bado iko mdomoni mwake na atakwenda kuibadilisha hata usipomwambia. Tofauti ni kwamba safari hii ajue nani anaumia.

Mimi nisingeitoa. Hadithi ya mali ya urithi kuliwa na mmoja huku wengine wamelala ndiyo hadithi ya nusu ya nyumba za pwani. Kila mtu aliyekuwa pale alikuwa na fisi wake kichwani.

BiMkubwa_Pangani

Mnamsifia tu. Mzee mwenzangu, mimi nitakukera kidogo. Mjukuu anaweza kumtania babu yake, akamwita mume wake, akamwambia meno yameisha, na babu akacheka. Huo ni utani na una ruhusa. Baba mdogo hataniwi. Baba mdogo ni baba. Wewe ungefariki mapema, huyo Fisi ndiye angekaa mkekani kupokea posa ya binti yako. Sasa kafanywa kichekesho na mtoto wa kaka yake mbele ya mkewe, halafu watu humu wanazungumza fanani na hadhira.

Tena nikuulize, pesa ya jahazi ilikwenda wapi? Mlishawahi kumuuliza, au mlimhukumu tu?

Kijana_wa_Bandarini

Mzee kiingilio shingapi na dada anaondoka na ngapi kwa usiku mmoja? Nami nina hadithi nyingi sana hapa, nyingine za kweli.

Kalafati_Mstaafu

Kijana, kamuulize mwenyewe, mimi hanipi hesabu zake.

Bi Mkubwa, umenigusa. Sehemu ya pesa ilikwenda kwenye matibabu ya mama yetu, hilo nalijua. Sehemu nyingine anaijua yeye. Sikumuuliza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ilipoisha ikawa aibu kuuliza. Binti yangu hayo ya matibabu hakuyajua kabisa. Alichosikia ni manung'uniko ya wakubwa, akaokota hapo.

Mtani_Kutoka_Mwanza

Wazaramo mmeanza kuuana kwa ajili ya boti, sisi watani wenu tuko huku tunasubiri tuje tusimamie msiba. Mzee, mimi Msukuma, kwa hiyo nina haki ya kukwambia kwamba ukoo wenu wote ni mafisi, hata huyo Kasa hajasalimika.

Sasa maneno ya maana. Kwenye misiba kwetu na kwenu, mtani ndiye anayeyasema yale ambayo ndugu hawawezi kuyasema. Analala kwenye jeneza, anadai pesa, anamtukana marehemu kwa ubahili wake, watu wanacheka huku wanalia, na hakuna anayekasirika kwa sababu ni mtani. Mwambie binti amuingize mtani kwenye hadithi. Fisi asitangazwe na msimulizi, atangazwe na mtani. Msimulizi akae pembeni amkemee mtani, "Ah, mwenzetu, usiseme hivyo!" Watu watacheka zaidi, na yeye kama mtoto wa nyumbani atakuwa hajatamka neno lolote.

Mwalimu_wa_Zamu

Hii ya mtani ni nzuri kuliko yangu. Naikubali.

Jukwaani_Tu

Naigiza na kusimulia pia, Dar. Naomba nijibu la kuitikia maana wote mmelipita.

Mzee, usiache kuitika. Hamjui msimulizi anavyoteseka akiita "Paukwa" kwenye ukumbi wa siku hizi, watu wako kwenye simu, wengine wanaona haya. Akipata mtu mmoja wa kuvunja ukimya, kazi yake imekwisha nusu. Ila kuna mambo mawili. Kwanza usikae safu za mbele. Mbele watu wanakuona, wanakuangalia wewe, wanamwacha yeye. Kaa nyuma, katikati. Sauti ikitokea nyuma, walioko mbele hudhani ukumbi wote umeitika na wao ndio wamechelewa, wanajiunga wenyewe. Pili, mwito wa kwanza uache upotee. Wengi wetu tunauacha upotee makusudi, tunautazama ukumbi, tunajifanya tumekosewa, ndipo tunaita tena kwa kejeli kidogo. Ukiitika haraka unamnyang'anya hapo. Itika wa pili.

Na kuhusu hadithi, kabla hujamwambia chochote muulize kwanza yeye alikuwa anataka kusema nini. Wazazi wetu huwa wanaanza na "toa".

Mwana_Ngamiani

Jukwaani_Tu umesema kweli. Mama yangu alikuja kunitazama naimba kaswida, alisoma na mimi kila ubeti kwa sauti kuliko yangu.

Kalafati_Mstaafu

Wakuu narudi na mrejesho.

Nilimuuliza kama nilivyoelekezwa, sikuanza na "toa". Akasema, "Baba, mimi sikumtaja baba mdogo." Nikamwambia mwanangu, hukumtaja, umemvaa. Akanyamaza. Nikamweleza habari ya matibabu ya bibi yake. Hapo akakaa chini kabisa, akaniuliza kwa nini sikumwambia zamani. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kesho yake akanunua nguru mzima, akaenda kwa baba yake mdogo peke yake. Alinikataza kumsindikiza. Nikabaki barazani nawaza watapigana. Alirudi baada ya isha, anacheka.

Kumbe mwenzangu hoja yake siyo tuliyoifikiria. Kwenye hadithi Fisi aliuza jahazi kwa gunia moja la mtama. Hilo ndilo lililomchoma. Alimwambia, "Jahazi la mvule, limejengwa na baba yangu, niuze kwa mtama? Mimi mjinga?" Akamtajia bei halisi, aliyenunua, na jambo ambalo mimi kaka yake sijawahi kulisikia: kwamba alilipeleka Unguja mwenyewe, akashika usukani mwenyewe mpaka likakabidhiwa, akarudi kwa boti ya watu. Mama alikuwa wodini, hakutaka kumwambia mtu.

Basi mtoto kaigeuza hadithi. Fisi sasa anaiongoza safari ya mwisho ya jahazi, na mtama umeondoka. Mtani ameingia, Mwanza ahsante, binti anasema ndiye atakayechekesha kuliko wote. Funguo mdogo wangu kasema ziachwe, ila zizungushwe kwa mkono wa kushoto kama afanyavyo yeye, maana binti alikuwa anakosea.

Dada yetu bado anataka kikao. Nadhani sasa anakitaka kikao chenyewe tu.

BiMkubwa_Pangani

Mtoto ana adabu, nimefurahi. Lakini aliyekwenda ni mtoto. Wewe hujaenda. Umekaa barazani.

Kalafati_Mstaafu

Nakwenda Ijumaa baada ya swala, Bi Mkubwa. Nimeshamwambia mkewe asitangulie kumwambia.

Mwana_Ngamiani

Mzee mimi nataka kuja kwenye tamasha na familia. Kutoka Tanga lazima nifike Dar kwanza?

Kalafati_Mstaafu

Hapana, utapoteza siku. Panda basi la Dar, shuka Msata, hapo chukua gari za Bagamoyo, ni lami tupu kilomita 64. Usije jioni sana, gari za Msata giza likiingia zinakuwa chache. Ukifika nitafute, utakula kwangu.

Kijana_wa_Bandarini

Na mimi mzee?

Kalafati_Mstaafu

Njoo. Kiingilio utajilipia.